Shule ya Meli za Kuazima: Historia ya Chuo cha Ubaharia cha Jimbo la New York

Katika majimbo ya Marekani yenye bandari kubwa kumekuwapo, tangu miaka ya 1870, vyuo vya umma ambavyo kazi yake ni kuwaandaa vijana kuwa maofisa wa meli za biashara, yaani meli zinazobeba shehena na abiria kwa malipo, tofauti na manowari za Jeshi la Wanamaji. Kikongwe kuliko vyote ni Chuo cha Ubaharia cha Jimbo la New York, kilichoanzishwa mwaka 1874 na ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York. Historia ya chuo hicho inaonyesha waziwazi tatizo ambalo kila serikali inayotaka kuwa na mabaharia wake hukutana nalo: darasa linaweza kujengwa popote, lakini ofisa wa meli hapatikani bila meli ya kujifunzia, na meli ni mali ya gharama kubwa ambayo shule haiwezi kuinunua kwa karo ya wanafunzi. Kwa karibu miaka 150 New York ililikabili tatizo hilo kwa kuazima, na meli zake kuu za mafunzo zilikuwa vyombo vilivyojengwa kwa kazi nyingine kabla ya kufika mikononi mwa wanafunzi.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Marekani haikuona haja ya shule ya namna hiyo, kwa kuwa meli zenyewe ndizo zilizokuwa shule. Kijana wa Salem, Boston au New York aliajiriwa melini angali mdogo, akapanda milingoti, akajifunza kutweka na kutua matanga na kusoma dira chini ya uangalizi wa wakubwa wake, na kama alikuwa mwepesi wa hesabu na akabahatika kupata nahodha mwenye moyo wa kufundisha, aliweza kufikia daraja la ofisa angali kijana. Mwambao wa Afrika Mashariki uliwajua vizuri mabaharia hao, kwa sababu wafanyabiashara wa Salem ndio walioileta Unguja ile nguo ya pamba iliyokuja kuitwa merikani. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1840 merikebu ya Sayyid iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York ikiwa na pembe za ndovu, karafuu na tende. Hiyo ilikuwa enzi ambayo bendera ya Marekani ilionekana katika bandari nyingi za dunia, na kufikia mwaka 1860 takriban theluthi mbili ya thamani ya biashara ya nje ya nchi hiyo ilibebwa na meli zake yenyewe.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, viliivunja hali hiyo. Manowari za majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na hasa ile iliyoitwa Alabama, ziliwinda meli za biashara za Kaskazini na kuziteketeza baharini, ada za bima zikapanda, na wenye meli wakauza au kuhamishia vyombo vyao kwa mamia chini ya bendera za nchi nyingine. Baada ya vita meli hizo hazikurudi, kwa sababu wakati huohuo Uingereza ilikuwa imetangulia katika kujenga meli za chuma zinazoendeshwa kwa mvuke, na matajiri wa Marekani waliona faida kubwa zaidi katika reli zilizokuwa zikielekea magharibi mwa bara lao. Kufikia mwaka 1900 sehemu ya biashara ya nje iliyobebwa na meli za Marekani ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Meli zilipopungua, nafasi za kujifunzia zilipungua pamoja nazo, na ujuzi uliokuwa ukipokezanwa kazini bila gharama kwa serikali ukaanza kukosa warithi.

Mtu aliyeliona jambo hilo mapema na kulishughulikia kwa bidii alikuwa Stephen B. Luce, ofisa wa Jeshi la Wanamaji, mwandishi wa kitabu cha kufundishia ubaharia kilichotumika kwa miaka mingi, ambaye baadaye, mwaka 1884, alianzisha Chuo cha Vita vya Majini cha nchi yake. Hoja ya Luce ilikuwa kwamba taifa lisilo na maofisa waliosomea kazi katika meli zake za biashara halitakuwa na akiba ya watu wa kuwaita vitani, na kwamba malezi ya maofisa hao hayawezi kuachiwa bahati. Hoja hiyo ilizaa sheria ya Bunge la Marekani ya tarehe 20 Juni 1874, ambayo ilimruhusu Waziri wa Jeshi la Wanamaji kuiazimisha kila shule ya ubaharia ya umma itakayoanzishwa katika bandari za New York, Boston, Philadelphia, Baltimore, Norfolk au San Francisco merikebu moja pamoja na vifaa vyake, na kuwapeleka maofisa wa jeshi kuwa wakuu na walimu wa shule hizo. Ndani ya utaratibu huo gharama ziligawanywa: serikali ya shirikisho ilitoa chombo na walimu, na jimbo au mji ukabeba chakula, mafuta ya taa, mishahara mingine na matunzo ya kila siku.

Sheria hiyo ilikuwa na sharti moja linaloeleza mengi kuhusu fikra za wakati ule: ilikatazwa kumpeleka au kumpokea mtu yeyote katika shule hizo kama adhabu ya kosa la jinai. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu New York ilikuwa tayari na merikebu iliyoitwa Mercury, iliyoendeshwa na idara ya mji iliyoshughulikia maskini na magereza, ambamo wavulana waliopatikana na makosa au waliokosa walezi walifundishwa kazi za melini kwa nia ya kuwarekebisha tabia. Jimbo la Massachusetts nalo lilikuwa limejaribu mpango kama huo kabla ya kuuacha. Jamii iliyokwisha kuzoea kuiona meli ya mafunzo kama gereza linaloelea haikuwa rahisi kuiamini shule mpya, na miaka ya mwanzo ilitumika kwa kiasi kikubwa kuwathibitishia wazazi kwamba ubaharia ni taaluma ya vijana wenye uwezo, inayodai hesabu, nidhamu na elimu ya nyota.

New York ilikuwa ya kwanza kuitumia sheria hiyo. Mnamo Desemba 1874 ilikabidhiwa St. Mary's, merikebu ya kivita ya matanga iliyojengwa katika kiwanda cha jeshi cha Washington mwaka 1844 na iliyokwisha kutumika katika vita dhidi ya Meksiko. Shule ilifunguliwa Januari 1875 chini ya Kamanda Robert L. Phythian, ikiwa mali ya Bodi ya Elimu ya mji, na merikebu yake ikafungwa gatini penye mwisho wa Barabara ya 23 upande wa mashariki wa Manhattan. Haikuwa na jengo lolote. Wanafunzi walilala ndani ya merikebu, wakala humo, wakasoma humo, na wakapanda juu ya sitaha kwa zamu, yaani vipindi vya saa nne nne ambavyo katika kila meli hugawa usiku na mchana ili chombo kisikose macho wala mikono wakati wowote.

Mafunzo yalifuata misimu. Wakati wa baridi, merikebu ikiwa gatini, wavulana walisoma hesabu za pembe tatu, sarufi, jiografia na unajimu wa baharini, ambao ni elimu ya kujua mahali chombo kilipo kwa kupima kimo cha jua au nyota juu ya upeo kwa chombo kiitwacho sekstanti, na kulinganisha kipimo hicho na saa sahihi iliyotunzwa melini. Wakati wa kiangazi walitweka matanga na kuvuka bahari ya Atlantiki hadi bandari za Ulaya, na huko njiani kila walichokisoma darasani kilipata maana: hesabu iliyokosewa ilimfanya mwanafunzi aione nchi kavu mahali asipoitarajia, na fundo lililofungwa vibaya lilionekana upepo ulipozidi. Walijifunza kuunga kamba, kushona tanga, kupima kina kwa bildi, kuendesha mashua kwa makasia, kushika usukani, na kupanda usiku hadi kwenye foromali, yaani ile boriti inayobeba tanga, ili kulipunguza tanga wakati wa tufani. Baada ya miaka miwili mhitimu aliingia katika meli ya biashara akiwa na mwanzo wa elimu ambayo mwenzake wa kizazi kilichotangulia aliipata kwa kubahatisha.

Ubora wa malezi hayo unaweza kupimwa kwa waliotoka humo. Felix Riesenberg, aliyehitimu mwaka 1897, alifanya kazi katika meli za matanga na za mvuke, akashiriki katika msafara wa kuelekea Ncha ya Kaskazini, akarudi kuwa mkuu wa shule ileile iliyomlea, na mwaka 1922 akachapisha kitabu kikubwa cha ubaharia kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya meli za biashara. Lakini kipindi hicho hicho ndicho kilichodhihirisha udhaifu wa mpango wa kuazima. St. Mary's haikuwa na injini, na kadiri karne ya 19 ilivyoelekea ukingoni ndivyo waajiri walivyohitaji watu wanaojua boila, pampu na mashine za mvuke. Shule iliendelea kufundisha matanga kwa sababu matanga ndiyo yaliyokuwapo katika merikebu iliyopewa. Mtaala wake uliamuliwa na umri wa chombo chake, wala si na mahitaji ya kazi.

Nafuu ilipatikana mwaka 1907, shule ilipoazimwa Newport, manowari ndogo iliyojengwa Bath katika jimbo la Maine na kutumika katika vita dhidi ya Hispania mwaka 1898. Newport ilikuwa na matanga pamoja na injini ya mvuke, na hivyo ikawezesha shule moja kulea aina mbili za maofisa ambazo mpaka leo ndizo nguzo za chombo chochote cha baharini: maofisa wa sitaha, wanaoongoza safari na kusimamia shehena, na wahandisi, wanaotunza mitambo. Miaka sita baadaye, mwaka 1913, jimbo lilichukua dhamana ya shule kutoka kwa mji. Badiliko hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa bandari ya New York ililihudumia jimbo zima na hata nchi nzima, na haikufaa bodi ya shule za msingi na sekondari za mji mmoja ibebe peke yake mzigo wa kulisha meli.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliithibitisha hoja ya Luce. Marekani ilijikuta haina meli za kutosha kubebea bidhaa na askari wake, ikajenga meli kwa haraka kubwa, kisha ikagundua kwamba chuma hukatwa na kuungwa kwa miezi ilhali ofisa hulelewa kwa miaka. Hata hivyo shule iliendelea kuishi ndani ya meli bila makao ya nchi kavu. Mwaka 1929 ilipewa hadhi na jina la chuo cha meli za biashara cha jimbo, na mwaka 1934 ikahamia Fort Schuyler, ngome ya mawe yenye pembe tano ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1833 katika rasi ya Throggs Neck, mahali ambapo mkondo wa East River unakutana na ghuba ya Long Island. Ngome hiyo ilikuwa imejengwa kuzuia manowari za adui zisiingie New York kwa njia ya mashariki, na ilikuwa imepoteza kazi hiyo zamani. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi serikali ya shirikisho ilitumia programu zake za kutoa ajira kuikarabati, na mwaka 1938 ikazinduliwa rasmi. Vyumba vilivyokuwa vya mizinga vikageuzwa madarasa na maktaba, na maktaba hiyo sasa inaitwa kwa jina la Stephen B. Luce.

Mwaka uleule wa 1934 ulitokea msiba uliobadili mtazamo wa taifa kuhusu malezi ya mabaharia. Alfajiri ya tarehe 8 Septemba, meli ya abiria Morro Castle, iliyokuwa ikirudi New York kutoka Havana, iliungua karibu na pwani ya New Jersey na watu 137 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaharia wake hawakuwa wamezoezwa vya kutosha kuzima moto wala kushusha mashua za kuokolea. Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1936 na mpango wa taifa wa makadeti, yaani wanafunzi wanaosomea uofisa, ulioanzishwa mwaka 1938 vilitokana kwa sehemu na mshtuko huo, na mpango huo ukazaa chuo cha shirikisho cha Kings Point, kilichozinduliwa mwaka 1943 ng'ambo ya maji kutoka Fort Schuyler. Tangu hapo Marekani imekuwa na njia mbili sambamba: chuo kimoja cha taifa, na vyuo vya majimbo, ambavyo mbali na New York vimekuwapo Massachusetts tangu 1891, California tangu 1929, Maine tangu 1941, na baadaye Texas na Michigan. Pennsylvania nayo ilikuwa na shule yake kuanzia 1889, lakini ilifungwa mwaka 1947.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoisha, chuo cha New York kilikuwa kimeona wahitimu wake wengi wakisafiri katika misafara iliyowindwa na nyambizi, na kilidai kutambuliwa kama taasisi ya elimu ya juu. Kilipata ruhusa ya kutoa shahada, na Chuo Kikuu cha Jimbo kilipoundwa mwaka 1948 kikaingizwa humo. Sheria ya mwaka 1958 kuhusu vyuo vya ubaharia ikaimarisha msaada wa serikali ya shirikisho kwa majimbo, ukiwemo uazimaji wa meli. Kadeti sasa alimaliza akiwa na hati mbili: shahada ya chuo kikuu, na leseni ya ofisa wa daraja la kuanzia, inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani baada ya mtihani wao. Katika miaka ya 1970 vyuo vya ubaharia vya nchi hiyo vilianza kuwapokea wanawake, na kazi iliyokuwa imefungwa kwao kwa mazoea ikafunguliwa kwa mitihani ileile.

Meli, hata hivyo, ziliendelea kuwa za mitumba. Kuanzia miaka ya 1930 meli kuu zilipewa jina la Empire State, kwa namba zilizofuatana, na kila moja ilikuja na historia yake. Ya tatu ilikuwa meli ya hospitali ya jeshi. Ya nne, kabla ya kufika Fort Schuyler, ndiyo iliyowaleta Marekani mwaka 1944 wakimbizi 982 kutoka Italia, wengi wao Wayahudi. Ya tano ilikuwa imebeba askari. Ya sita, iliyopokewa mwaka 1990, ilikuwa meli ya shehena iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na injini yake ya mvuke iliendelea kufundishia vijana miongo kadhaa baada ya sekta nzima kuhamia dizeli. Kadeti aliyetoka humo alikuwa amejifunza uvumilivu na ustadi wa kutengeneza kilichoharibika, lakini alilazimika kwenda kujifunza upya mitambo ya meli alizoajiriwa. Tatizo la St. Mary's lilikuwa limerudi katika umbo jingine.

Katika miongo hiyo soko la kazi nalo lilikuwa likibadilika. Mwaka 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, upande wa pili wa bandari ya New York, ikiwa na makontena 58, na utaratibu huo wa kufunga shehena katika masanduku ya chuma yenye vipimo sawa ukaenea duniani, ukafupisha siku za meli bandarini, ukaongeza ukubwa wa vyombo na kupunguza idadi ya mabaharia wanaohitajika kwa kila tani. Meli kubwa za Marekani zinazosafiri bahari kuu sasa hazifiki 200, na nyingi kati yake zinaishi kwa sheria ya mwaka 1920 inayotaka shehena baina ya bandari za nchi hiyo ibebwe na meli zilizojengwa na kuendeshwa na Wamarekani. Katika mazingira hayo serikali ilianza kuitazama meli ya mafunzo kama chombo chenye kazi zaidi ya moja. Empire State ya sita iliitwa mwaka 1994 kusaidia kuondolewa kwa askari wa Marekani kutoka Somalia, ikawa makazi ya watoa misaada baada ya kimbunga Sandy mwaka 2012, na ikapelekwa Karibi baada ya kimbunga Maria mwaka 2017.

Huduma hizo ndizo zilizofungua mlango wa bajeti. Bunge lilikubali kugharimia meli tano mpya za vyuo vya ubaharia vya majimbo, zilizosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya mafunzo na kwa uokoaji wakati wa maafa. Ya kwanza, Empire State ya saba, ilikabidhiwa Septemba 2023 kutoka kiwanda cha Philadelphia, ikiwa na nafasi ya makadeti 600 na uwezo wa kuhudumia watu 1,000 wakati wa dharura. Ilikuwa imepita miaka 149 tangu sheria ya 1874 kabla ya vyuo vya majimbo kupata meli iliyojengwa kwa kusudi la kufundishia.

Somo la historia hii linavuka mipaka ya New York, kwa sababu sasa makadeti wote duniani wanafungwa na kanuni moja. Mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake ya 1995 na 2010, unamtaka mtu anayeomba cheti cha kwanza cha ofisa wa sitaha kwa njia ya chuo awe ametumika baharini kwa muda usiopungua miezi 12, akiwa na daftari la mafunzo linalothibitishwa na maofisa wa meli. Kanuni hiyo inamhusu kadeti wa Fort Schuyler sawasawa na inavyomhusu kadeti wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam au wa Bandari Maritime Academy ya Mombasa, na haijali ubora wa madarasa ya chuo wala wingi wa vitabu vyake. Nchi inayofungua chuo cha ubaharia bila kupanga makadeti wake watapanda meli ipi, ya nani, na kwa gharama ya nani, inaanza kwa kuwaahidi vijana wake hati ambayo haiwezi kuwapatia.

New York ilidumu kwa sababu iliendelea kuitafuta meli hata pale ilipopewa iliyozeeka, na kwa sababu wabunge wa vizazi mbalimbali walikubali, japo kwa kuchelewa, kwamba malezi ya baharia ni gharama ya umma inayolipwa wakati wa amani ili kusiwe na majuto wakati wa dhiki. Nchi za mwambao, zilizo na urithi wa manahodha waliojifunza kazi vyomboni kwa karne nyingi, hazina sababu ya kurudia kusubiri kwa muda mrefu hivyo. Meli ya pamoja ya mafunzo baina ya nchi jirani, au sharti la sheria linaloitaka kila meli inayofaidi bandari zao kutenga nafasi za makadeti, ni hatua zilizo ndani ya uwezo wao, na kila moja ingewapa vijana kile ambacho wavulana wa St. Mary's walikipata mwaka 1875: chombo cha kujifunzia, chenye walimu ndani yake, kinachokwenda baharini.